Uwanja Juu ya Gati: Ardhi, Deni na Safari Ndefu ya Everton

Klabu ya mpira wa miguu inapotangaza kwamba itajenga uwanja mpya, kitu cha kwanza kinachoonyeshwa kwa umma huwa ni mchoro, wenye majukwaa yanayong'aa kwa taa, nyasi za kijani kibichi na umati wa watu waliochorwa na kompyuta wakiingia milangoni kwa utulivu ambao siku ya mechi haujawahi kuonekana popote. Mchoro huo ndio sehemu nyepesi na nafuu kuliko zote katika kazi nzima, kwa sababu unaweza kutengenezwa hata kabla haijajulikana ardhi ni ya nani, kibali kitatolewa na nani na mkopo utalipwa kwa fedha zipi. Historia ya klabu ya Everton ya mji wa Liverpool, Uingereza, ambayo mwezi Agosti 2025 ilianza kucheza mechi za ligi katika uwanja wake mpya baada ya michoro kadhaa ya awali kuishia kabatini, inaonyesha vizuri jinsi mambo hayo matatu yanavyoweza kuijenga klabu na pia kukaribia kuiangusha.

Everton si klabu ngeni kwa wapenzi wa soka wa Afrika Mashariki. Mwezi Julai 2017 ilicheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, ambao leo unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, ikashinda kwa mabao 2-1, na Wayne Rooney, aliyekuwa amerejea klabuni hapo siku chache tu kabla, akafunga bao la kwanza. Safari hiyo ilitokana na udhamini wa SportPesa, kampuni ya michezo ya kubahatisha iliyoanzia Kenya, ambayo jina lake lilikuwa kifuani mwa jezi za Everton wakati huo, na mwaka uliofuata Gor Mahia nayo ikapelekwa Liverpool kucheza Goodison Park, ambako ilifungwa mabao 4-0. Kwa hiyo wapo wachezaji wa Afrika Mashariki waliowahi kuvaa viatu katika vyumba vya uwanja ule mkongwe ambao timu ya wanaume ya Everton imeuhama.

Uwanja huo mkongwe wenyewe ulizaliwa kutokana na ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba. Kuanzia mwaka 1884 Everton ilikuwa ikicheza Anfield, mahali ambapo leo ni makao ya watani wake wa jadi, na John Houlding, mfanyabiashara wa bia aliyekuwa pia kiongozi wa klabu, ndiye aliyesimamia ardhi hiyo na kupokea kodi yake. Kodi ilipopanda na mazungumzo ya kuuza eneo hilo kwa klabu kuvunjika, wanachama wengi waliamua kuondoka, wakavuka bustani ya Stanley Park na kujenga Goodison Park, uliofunguliwa tarehe 24 Agosti 1892. Houlding, aliyebaki na uwanja usio na timu, aliunda timu nyingine akaiita Liverpool. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa gharama ya kucheza kwenye ardhi ya mtu mwingine, kwani kutoelewana kuhusu kodi kulizaa mpinzani ambaye baadaye aliipita Everton kwa mataji na kwa utajiri.

Goodison Park kwa muda mrefu ulikuwa uwanja wa kisasa kuliko vingi nchini Uingereza. Kufikia mwaka 1938 ulikuwa na majukwaa ya ghorofa pande zote nne, jambo ambalo hakuna uwanja mwingine wa ligi nchini humo uliokuwa nalo, na katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 ulipokea mchezo wa nusu fainali. Hapo ndipo Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji aliyeichezea Ureno, alipofunga mabao manne dhidi ya Korea Kaskazini baada ya timu yake kutanguliwa kwa mabao matatu. Uwanja ulibanwa kati ya nyumba za wafanyakazi na shule, na kanisa la Mtakatifu Luka lilisimama katika kona yake moja, karibu kiasi cha kugusana na jukwaa. Mamia ya mashabiki waliomba majivu ya miili yao yazikwe kandokando ya nyasi zake, hata ikafika wakati klabu ikalazimika kusitisha maombi hayo kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha.

Sababu zilizofanya mahali hapo pawe na mvuto ndizo zilizofanya pasiweze kuendelea. Nguzo za chuma zilizoshikilia mapaa ya zamani zilisimama katikati ya watazamaji, kwa hiyo viti vingi viliuzwa vikiwa na tahadhari kwamba anayekaa hapo hataona sehemu ya uwanja. Nyumba za jirani zilizuia upanuzi, idadi ya watazamaji haikuweza kuvuka takriban 39,000, na vyumba vya wageni wa kibiashara, yaani makampuni na watu wanaolipa fedha nyingi kwa kiti, chakula na mahali pa kuzungumza, vilikuwa vichache. Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito zaidi katika hesabu, ingawa viongozi wa klabu hupenda kuzungumza zaidi juu ya mashabiki wa kawaida. Mapato ya siku ya mechi, ambayo hujumuisha tiketi, vinywaji, chakula na huduma za wageni, hayaongezeki sana kwa kuongeza viti vya bei ya chini peke yake, bali kwa wale watu elfu chache ambao kila mmoja hulipa mara nyingi ya bei ya shabiki wa nyuma ya goli. Klabu ambayo mpinzani wake anakusanya fedha hizo kila wiki mbili, ilhali yenyewe haina pa kuwaweka watu hao, hubaki nyuma kabla mpira haujaanza kuchezwa.

Ndiyo maana majaribio yalianza mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 palikuwa na mpango wa kujenga uwanja wa watu 55,000 wenye paa la kufunguka na kufungwa katika eneo la Kings Dock, karibu kabisa na katikati ya jiji, lakini mwaka 2003 mpango huo ulikufa kwa sababu klabu ilishindwa kutoa sehemu yake ya mchango, pauni milioni 30. Kiasi hicho kilionekana kikubwa wakati ule. Leo kinaweza kununua beki mmoja wa kawaida. Baadaye Everton iligeukia Kirkby, mji mdogo ulio nje ya mipaka ya jiji la Liverpool, kwa ushirikiano na kampuni ya maduka makubwa ya Tesco, na katika kura ya mwaka 2007 mashabiki wengi waliopiga kura waliunga mkono, ingawa kundi kubwa lilipinga kwa hasira wazo la klabu kuuhama mji wake. Serikali ya Uingereza ilikataa mpango huo mwaka 2009 kwa kuona kwamba maduka yaliyoambatanishwa na uwanja yangeua biashara za miji ya jirani. Mpango wa tatu, wa eneo la Walton Hall Park, uliachwa mwaka 2016 bila hata kufikia hatua ya kuomba kibali.

Mambo yalibadilika alipoingia mwekezaji mwenye mfuko mzito. Farhad Moshiri, mfanyabiashara wa Uingereza mwenye asili ya Iran, alinunua karibu nusu ya hisa za klabu mwaka 2016, akaongeza hadi kuwa mmiliki mkuu, na mwaka 2017 klabu ikatangaza kwamba imekubaliana na kampuni ya Peel kuhusu eneo la Bramley-Moore Dock, kaskazini mwa katikati ya jiji, kando ya mto Mersey. Eneo hilo lilikuwa gati la zamani, yaani beseni kubwa la maji lililozungushiwa kuta za mawe, ambamo meli ziliingia kupakia na kupakua shehena bila kusumbuliwa na kupwa na kujaa kwa maji. Lilifunguliwa mwaka 1848 chini ya mhandisi Jesse Hartley, likatumika kwa miaka mingi kusafirisha makaa ya mawe, na kufikia karne hii likawa limebaki na kazi ndogo sana.

Hapa ndipo suala la urithi lilipojitokeza. Magati ya Liverpool yalikuwa yameingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, kama kumbukumbu ya enzi ambayo bandari hiyo ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za dunia. Tangu mwaka 2012 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya mradi mkubwa wa majengo marefu uliopangwa katika eneo hilo, na pendekezo la kujaza gati zima ili kujenga uwanja liliongeza uzito wa malalamiko. Kamati ya jiji iliidhinisha ujenzi mwezi Februari 2021. Miezi mitano baadaye kamati ya Urithi wa Dunia ilipiga kura, 13 dhidi ya 5, kuifuta Liverpool katika orodha. Kabla ya hapo ni maeneo mawili tu yaliyowahi kufutwa, la kwanza likiwa hifadhi ya choroa nchini Oman mwaka 2007 na la pili likiwa bonde la mto Elbe mjini Dresden, Ujerumani, mwaka 2009. Wakazi wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao hukumbushwa mara kwa mara masharti ya orodha hiyo kila panapotaka kujengwa hoteli au barabara, wanaweza kuelewa uzito wa uamuzi huo. Hata hivyo ni haki kusema kwamba wakazi wengi wa kaskazini mwa Liverpool, sehemu ambayo ni miongoni mwa zile maskini kuliko zote nchini Uingereza, walichagua ajira na watu kuliko cheti, na katika mazingira yao ni vigumu kuwalaumu.

Ujenzi ulianza mwezi Agosti 2021 chini ya mkandarasi Laing O'Rourke, na hatua yake ya kwanza inastahili kuelezwa kwa undani kwa sababu haifanani na ujenzi wa kawaida. Kwanza wapiga mbizi waliteremshwa kukagua kuta na sakafu ya gati, kwa kuwa Liverpool ilipigwa mabomu mengi katika Vita Kuu ya Pili na mengine yalilala chini bila kulipuka. Samaki waliokuwa wakiishi ndani ya beseni walihamishwa. Kisha meli maalumu ilikwenda Bahari ya Ireland, ikachimbua mchanga kutoka sakafu ya bahari, ikarudi kuegesha kando ya ukuta wa mto na kuusukuma mchanga huo kwa mabomba, ukiwa umechanganyika na maji, hadi ndani ya gati. Maji yaliondoka taratibu na mchanga ukatulia na kushikamana. Safari hizo zilirudiwa kwa miezi hadi karibu mita za ujazo 480,000 za mchanga zikajaza beseni. Kuta za Hartley hazikubomolewa, zilizikwa, na sehemu za juu zake pamoja na mnara wa zamani wa mitambo ya maji zilihifadhiwa ili zionekane na wapitaji.

Msanifu wa mwanzo, Dan Meis wa Marekani, aliuchora uwanja wenye watazamaji 52,769 kwa namna ambayo sehemu ya chini ni ya matofali, ikifanana na maghala ya bandarini, na sehemu ya juu ni ya chuma na kioo. Katika matofali hayo umo mpangilio wa mistari inayopishana, ambao ni kumbukumbu ya vyuma vilivyopamba jukwaa la Goodison lililosanifiwa na Archibald Leitch. Jukwaa la kusini peke yake linabeba takriban watu 13,000, na mwinuko wake ni nyuzi 34.99, wakati kanuni za usalama za Uingereza hazitaki jukwaa livuke nyuzi 35. Wasanifu walikwenda hadi ukingoni kabisa mwa sheria, kwa sababu kadiri jukwaa linavyosimama wima ndivyo mtazamaji wa juu anavyokaribia nyasi na ndivyo kelele inavyorudi uwanjani badala ya kupotea angani. Kazi hiyo haikukamilika bila msiba, kwani mwezi Agosti 2023 mfanyakazi mmoja alifariki katika ajali ndani ya eneo la ujenzi.

Wakati kuta zikipanda, hesabu zilikuwa zikiporomoka. Mpango wa awali ulikuwa jiji la Liverpool lidhamini mkopo wa klabu, lakini haukutekelezwa, na kwa sehemu kubwa gharama zilitoka kwa mmiliki mwenyewe. Tegemeo jingine lilikuwa USM, kampuni ya bilionea wa Urusi Alisher Usmanov, ambayo mwaka 2020 ililipa pauni milioni 30 ili tu ipewe nafasi ya kwanza ya kununua haki ya kuupa uwanja jina. Haki hiyo ni biashara ya kawaida siku hizi, ambapo kampuni hulipa kwa miaka kadhaa ili jina lake litajwe kila uwanja unapotajwa, na klabu nyingi hutumia mapato hayo kulipia sehemu ya mkopo wa ujenzi. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, Usmanov aliwekewa vikwazo, Everton ikasimamisha mkataba wake na kampuni hiyo, na nguzo moja ya mpango mzima ikatoweka ndani ya juma moja huku mashine zikiwa bado kazini.

Klabu ilikuwa imekwisha kujidhoofisha kwa kununua wachezaji ghali ambao hawakuleta matokeo. Ligi Kuu ya Uingereza wakati huo ilikuwa na kanuni ya faida na uendelevu, ambayo kwa ufupi iliweka kikomo cha hasara ambayo klabu ingeweza kupata katika kipindi cha miaka mitatu, na kikomo hicho kwa klabu kama Everton kilikuwa pauni milioni 105. Gharama za kujenga uwanja, shule ya vijana na timu ya wanawake zilitolewa katika hesabu hiyo, kwa nia ya kutowaadhibu wanaowekeza katika mambo ya kudumu. Tume huru ilipata kwamba Everton ilifikia hasara ya milioni 124.5, na sehemu muhimu ya ubishi ilihusu riba, yaani bei ya kukopa, kwani klabu ilidai kwamba riba ya mikopo yake ihesabiwe kuwa gharama ya uwanja, ilhali tume iliona kwamba mikopo hiyo yenye riba ilikuwa ya shughuli za kila siku na kwamba fedha za uwanja zilitoka kwa mmiliki bila riba. Mwezi Novemba 2023 ilipokonywa pointi 10, adhabu iliyopunguzwa kuwa 6 katika rufaa, kisha mwezi Aprili 2024 ikapokonywa nyingine 2 kwa kosa la kipindi kilichofuata.

Hatari ya jambo hilo hueleweka zaidi ikikumbukwa kwamba Everton haijashuka daraja tangu iliporejea ligi ya juu mwaka 1954, na kwamba mwezi Mei 2023 ilinusurika siku ya mwisho ya msimu kwa bao moja la Abdoulaye Doucouré dhidi ya Bournemouth. Kama bao hilo lisingeingia, uwanja wa kisasa ambao gharama yake ilikaribia pauni milioni 800 ungefunguliwa na timu ya daraja la pili au ungesimama nusu kwenye mchanga wa bahari. Moshiri alijaribu kuiuza klabu kwa kampuni ya Marekani ya 777 Partners mwaka 2023, mpango huo ukavunjika katikati ya mwaka 2024, na hatimaye mwezi Desemba 2024 kundi la Friedkin, lililokuwa tayari likimiliki Roma ya Italia, likakamilisha ununuzi. Wamiliki hao wapya waliyapanga upya madeni, na mwezi Mei 2025 haki ya jina ilikwenda kwa Hill Dickinson, kampuni ya mawakili yenye mizizi Liverpool.

Tathmini ya uongozi wa Moshiri kwa hiyo haiwezi kuwa nyepesi. Alianza kujenga kabla haijajulikana kwa uhakika nani atalipa mwisho wake, jambo ambalo mhasibu yeyote makini angelikataza, na kwa uamuzi huo aliiweka klabu ya zaidi ya karne moja katika hatari ambayo mashabiki hawakuulizwa kama wanaikubali. Lakini waliomtangulia, ambao walisubiri fedha zikamilike kwanza, waliacha michoro tu. Uwanja umesimama kwa sababu ya ujasiri uliopakana na uzembe, na umekamilika kwa sababu alipatikana mnunuzi mwingine kwa wakati, yaani kwa sehemu kubwa umekamilika kwa bahati.

Mechi ya kwanza ya ligi ilichezwa tarehe 24 Agosti 2025, siku ileile ambayo Goodison ulitimiza miaka 133, na Everton iliishinda Brighton kwa mabao 2-0, la kwanza likifungwa na Iliman Ndiaye wa Senegal, ambaye pia ndiye aliyefunga mabao yote mawili ya mechi ya mwisho ya timu ya wanaume Goodison mwezi Mei. Uwanja wa zamani, uliokuwa umepangwa kubomolewa, umeachwa kwa timu ya wanawake. Malalamiko makubwa ya miezi ya mwanzo kuhusu uwanja mpya yamehusu usafiri, kwa kuwa kituo cha reli kilicho karibu, Sandhills, ni kidogo kwa umati wa watu 50,000 wanaotoka kwa wakati mmoja, na uwanja huo ni mmoja wa viwanja vilivyochaguliwa kwa mashindano ya Ulaya ya mwaka 2028.

Kwa Tanzania jambo hili si la mbali. Simba na Yanga, klabu zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, kwa mechi zao kubwa bado hutegemea Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi 60,000 na unaomilikiwa na serikali, wakati Azam yenye umri mdogo ina uwanja wake Chamazi. Ahadi za kujenga zimetolewa mara kwa mara na viongozi wa awamu tofauti, na zitatolewa tena, kwa sababu hakuna ahadi inayopigiwa makofi zaidi katika mkutano mkuu. Siku mchoro mwingine utakapotundikwa mbele ya wanachama, waombe waonyeshwe kwanza hati ya kiwanja na jina lililoandikwa juu yake, kisha mkataba wa mkopo, riba yake na kilichowekwa dhamana, na makofi yafuate baada ya hapo.